Kusoma Alama za Umri: Mwongozo kwa Mpenzi wa Michezo ya Video

Mpenzi wa michezo ya video, ambayo mitaani huitwa gemu, hukutana na alama za umri kila anaponunua diski, anapopakua mchezo kwenye simu au anapofungua duka la mtandaoni kupitia mashine yake, lakini ni nadra kuzisoma kwa makini, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na alama hizo huonekana kana kwamba ziliwekwa kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Mwongozo huu unashikilia kwamba mchezaji huyo ndiye anayezihitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiye anayeamua kitakachoonekana kwenye televisheni ya sebuleni. Ndiye ambaye wadogo zake, wanawe na wapwa zake humwomba pedi. Na aghalabu ndiye mtu pekee nyumbani mwenye ujuzi wa kutambua yale ambayo alama hazisemi. Mzazi asiyewahi kucheza hana budi kuiamini nambari iliyochapwa kwenye jalada, ilhali mchezaji anaweza kuisoma, kuipima na, pale inapobidi, kutokubaliana nayo kwa hoja.

Alama ya umri ni tamko la chombo kinachotambuliwa na watengenezaji au na serikali, kwamba maudhui ya mchezo fulani, yaani yale yanayoonekana, yanayosikika na yanayotendwa ndani yake, yanawafaa watu wa kuanzia umri uliotajwa. Tamko hilo halisemi lolote kuhusu ubora wa mchezo, wala kuhusu ugumu wake. Mchezo wa sataranji wenye nambari 3 haumaanishi kwamba mtoto wa miaka mitatu ataweza kuucheza. Unamaanisha tu kwamba hamna ndani yake cha kumtisha wala cha kumfundisha asichopaswa kujua. Msomaji akiushika msingi huu mapema, ataepuka kosa linalofanywa na wanunuzi wengi, ambao huchukua nambari ndogo kuwa dalili ya mchezo wa kitoto na nambari kubwa kuwa dalili ya mchezo mgumu wenye hadhi.

Alama zinazokutana sokoni

Katika masoko ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, diski halali huingia kutoka pande mbalimbali za dunia, na kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuifahamu mifumo miwili mikuu, wa Marekani na wa Ulaya, badala ya mmoja. Wa Marekani unaitwa ESRB. Ulianzishwa na watengenezaji wenyewe mwaka 1994, baada ya maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl kuongoza vikao vya Bunge la Seneti mwezi Desemba 1993 kuhusu michezo kama Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumng'oa mpinzani wake moyo, na Night Trap, uliotumia picha za video za waigizaji halisi. Wabunge waliwapa watengenezaji hiari ya kujidhibiti au kudhibitiwa kwa sheria, nao wakachagua kujidhibiti. Asili hiyo haifai kusahaulika, kwa sababu hadi leo ESRB ni chombo cha tasnia yenyewe, na nguvu yake hutokana na maduka na kampuni za mashine kukubali kuifuata. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jimbo la California iliyokataza kuwauzia watoto michezo yenye ukatili, ikisema kwamba michezo ya video inalindwa na uhuru wa kujieleza kama vilivyo vitabu na filamu.

ESRB hutumia herufi. E huwafaa watu wote. E10+, iliyoongezwa mwaka 2005, huanzia miaka 10. T huanzia miaka 13. M huanzia miaka 17. Na AO huwahusu watu wazima tu, kuanzia miaka 18. Herufi RP, inayoonekana kwenye matangazo ya michezo ijayo, huonyesha kwamba mchezo bado haujapewa daraja. Hapa kuna jambo ambalo mchezaji mzoefu hulifahamu na mzazi hulikosa: kampuni zinazotengeneza mashine haziruhusu michezo ya AO kwenye mashine zao, na kwa hiyo M ndiyo kilele halisi cha ngazi hiyo. Matokeo yake ni kwamba herufi moja hubeba mzigo mpana mno. Halo 3 ya mwaka 2007, ambayo ni vita vya kubuni dhidi ya viumbe wa sayari nyingine, na Grand Theft Auto V ya mwaka 2013, yenye tukio la mateso ambalo mchezaji mwenyewe huchagua kifaa cha kumtesea mtu, zote zina M ileile. Anayeishia kwenye herufi hawezi kuitofautisha michezo hiyo miwili.

Mfumo wa Ulaya, PEGI, ulianza mwaka 2003 ukachukua nafasi ya mifumo kadhaa ya nchi mojamoja, nao hutumia nambari: 3 na 7 katika rangi ya kijani, 12 na 16 katika rangi ya machungwa, na 18 katika rangi nyekundu. Nchini Uingereza alama za 12, 16 na 18 zilipewa nguvu ya kisheria mwaka 2012, hivi kwamba muuzaji anayemuuzia mtoto mchezo uliomzidi umri hutenda kosa. Ujerumani ina mfumo wake wa USK, wenye madaraja ya 0, 6, 12, 16 na 18, na Japani ina CERO, wenye herufi A, B, C, D na Z. Diski zilizopitia nchi za Ghuba zaweza kuwa na alama ya Saudi Arabia, ambayo nambari zake ni zilezile za PEGI lakini huamuliwa na mamlaka ya huko kwa vigezo vya huko.

Vyombo vya Afrika Mashariki vimejikita zaidi katika filamu. Bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ina madaraja ya GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto walio na mwongozo wa mzazi, 16 na 18, na Tanzania ina Bodi ya Filamu. Lakini alama zinazochapwa kwenye maboksi ya michezo ni za kigeni, nazo hazimbani muuzaji wa Kariakoo au wa River Road kama zinavyombana muuzaji wa London. Wajibu wote humwangukia mnunuzi, na hali huwa ngumu zaidi kwa diski zilizonakiliwa, ambazo huuzwa katika mfuko wa plastiki bila jalada wala alama yoyote. Mwenye diski ya namna hiyo anashauriwa kutafuta jina la mchezo kwenye tovuti za ESRB na PEGI, ambazo zote huruhusu mtu yeyote kutafuta bila malipo, kabla ya kuiweka kwenye mashine inayotumiwa na watoto.

Jinsi daraja linavyotolewa

Imani nyingi potofu kuhusu alama hizi hutokana na dhana kwamba kuna watu waliokaa wakaucheza mchezo wote mwanzo hadi mwisho kabla ya kuamua. Sivyo ilivyo. Kwa mchezo wa kuuzwa dukani, mtengenezaji huijazia ESRB dodoso la kina na kuambatisha video yenye matukio makali kuliko yote yaliyomo, kisha watathmini waliofunzwa huitazama na kupendekeza daraja. Uchezaji wa kuhakiki hufanyika baada ya mchezo kutoka, na si kwa kila mchezo. PEGI nayo huanza na tamko la mtengenezaji, ambalo baadaye hukaguliwa na taasisi ya Uholanzi au ya Uingereza kulingana na uzito wa maudhui. Utaratibu huu una mantiki, kwa kuwa mchezo mmoja waweza kuchukua saa mia moja kuumaliza, lakini unategemea uaminifu wa anayejaza dodoso.

Tukio la mwaka 2005 lilionyesha udhaifu huo waziwazi. Ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo ambao kwa miaka mingi ulijaza vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, wachezaji waligundua kipande chenye maudhui ya ngono ambacho watengenezaji walikifungia bila kukifuta, nacho kikafunguliwa kwa programu ndogo iliyosambazwa kwenye intaneti. ESRB ilibadilisha daraja kutoka M hadi AO, maduka makubwa yakauondoa mchezo kwenye rafu, na mtengenezaji akalazimika kutoa toleo jipya. Tangu hapo watengenezaji wanatakiwa kutaja hata maudhui yaliyofichwa ndani ya diski. Funzo kwa mchezaji ni kwamba daraja huhusu mchezo kama ulivyotoka kiwandani. Mchezo uliobadilishwa kwa nyongeza za mashabiki, ambazo wapenzi wa kompyuta huzipenda sana, si mchezo uliopewa alama hiyo.

Kwa michezo ya simu utaratibu ni mwepesi zaidi. Tangu mwaka 2015 duka la Google Play limetumia mfumo wa IARC, ambapo mtengenezaji hujibu maswali mtandaoni na programu humpa madaraja ya maeneo yote ya dunia papo hapo. Mtumiaji aliye katika nchi isiyo na mfumo wake, kama zilivyo nchi nyingi za Afrika, huoneshwa nambari za jumla za 3+, 7+, 12+, 16+ na 18+. Ukaguzi hufuata baadaye, hasa kwa michezo maarufu au iliyolalamikiwa, na hivyo alama ya mchezo usiojulikana, uliopakuliwa na watu wachache, inapaswa kuchukuliwa kuwa kauli ya mwenye mali kuhusu mali yake.

Maneno yaliyo chini ya nambari

Sehemu yenye manufaa kuliko zote ni ile inayorukwa na wengi, yaani maelezo ya maudhui, ambayo ni maneno mafupi au picha ndogo zinazotaja sababu ya daraja. ESRB huyaandika kwa maneno nyuma ya jalada. PEGI huyaonyesha kwa picha: ngumi kwa ukatili, buibui kwa hofu, sindano kwa dawa za kulevya, dadu kwa kamari, na kadhalika kwa lugha chafu, ngono na ubaguzi. Yapo pia maelezo ya mwingiliano, yanayoeleza kama wachezaji huweza kuzungumza na watu wengine, kama mchezo hutangaza mahali alipo mchezaji na kama kuna kununua vitu ndani yake.

Umuhimu wa maelezo haya huonekana pale madaraja yanapotofautiana. Tekken 7, mchezo wa kupigana ambao msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa, una T ya Marekani, yaani miaka 13, lakini una 16 ya Ulaya. Minecraft ina E10+ huko Marekani na 7 huko Ulaya, na The Legend of Zelda: Breath of the Wild ina E10+ kwa upande mmoja na 12 kwa upande mwingine. Mchezo ni uleule na watoto ni walewale. Kinachobadilika ni mizani. Kwa ujumla Wamarekani huwa wakali zaidi kwa uchi na lugha chafu, na Wazungu wa Ulaya, hasa Wajerumani, huwa wakali zaidi kwa ukatili unaofanana na uhalisia. Nambari, kwa maneno mengine, ni hukumu iliyokwisha kutolewa kwa maadili ya jamii fulani, ilhali maelezo ya maudhui ni ushahidi ambao familia yoyote inaweza kuuchukua na kuutolea hukumu yake.

Familia ya Kiislamu ya Zanzibar au ya Lamu, ambayo kwake kamari ni haramu bila kujali umri, haitatosheka na mchezo kuwa na 12 endapo picha ya dadu imo. Itaufanyia uamuzi wake. Familia inayochukizwa na ulevi itatafuta neno linalotaja pombe, ambalo huweza kuonekana hata kwenye michezo ya T. Kinyume chake, kuna familia zitakazoona kwamba mchezo uliopewa 12 kwa sababu ya mapigano na majini ya kubuni ni mpole kuliko katuni zinazotazamwa kila jioni. Suala la lugha linahitaji uangalifu wa pekee: mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani husikia matusi ya Kiingereza bila kujua uzito wake, akayarudia mbele ya mwalimu kwa moyo mweupe, na kwa hiyo onyo la lugha chafu lisipuuzwe kwa hoja kwamba mtoto haelewi. Kutoelewa ndiko kunakomfanya ayabebe.

Pale alama zinapokuwa legevu

Mwongozo wa haki hauna budi kusema kwamba mifumo hii imekuwa makini kwa kinachoonekana na mizito kuamka kwa kinachotendwa kwenye mfuko wa mchezaji. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Balatro, mchezo wa karata uliotoka mwaka 2024, ambamo mchezaji huunda mikono ya poka ili kupata alama, bila kuweka dau la fedha na bila kuuziwa chochote baada ya kuununua. PEGI iliupa 18, kwa hoja kwamba unafundisha mikono ya poka. Wakati huohuo EA Sports FC, mchezo wa mpira unaochezwa na watoto wa dunia nzima, ulikuwa na 3, ingawa ndani yake huuzwa pakiti za wachezaji ambazo mnunuzi hajui zina nani hadi amekwisha kulipa. Mtengenezaji wa Balatro alilalamika hadharani kuhusu tofauti hiyo, rufaa ikakatwa, na Februari 2025 mchezo wake ukashushwa hadi 12. Pakiti za mpira zilibaki kwenye 3.

Pakiti kama hizo, ambazo waweza kuziita masanduku ya kubahatisha, ni bidhaa za kidijitali zinazonunuliwa kwa fedha halisi au kwa sarafu ya ndani ya mchezo iliyonunuliwa kwa fedha halisi, na ambazo yaliyomo huamuliwa na bahati. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba zinakiuka sheria ya kamari. Tangu Septemba 2024 Australia imeweka daraja la M, ambalo huko halipendekezi mchezo kwa walio chini ya miaka 15, kuwa la chini kabisa kwa michezo mipya yenye masanduku yanayouzwa kwa fedha. ESRB yenyewe iliongeza mwaka 2020 maelezo yanayotaja ununuzi wa vitu vya kubahatisha, lakini maelezo hayo hayapandishi herufi. Ni vigumu kuutetea msimamo huo. Katika nchi kama Kenya na Tanzania, ambako mtoto haruhusiwi kuingia katika duka la kubeti, hakuna sababu ya msingi ya kumruhusu afanye tendo lenye umbo lilelile akiwa amekaa mkekani kwa babu yake, eti kwa sababu kilicho ndani ya pakiti ni picha ya mshambuliaji.

Kwa hiyo kila mchezo wenye neno la ununuzi wa ndani, hata ukiwa na 3, ushughulikiwe kama mchezo unaohitaji mtu mzima. Hatua ya kwanza ni kutohifadhi kadi ya benki wala namba ya pesa za simu kwenye akaunti inayotumiwa na watoto. Hatua ya pili ni kuweka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi katika mipangilio ya duka, badala ya kuliweka mara moja kwa siku zote. Fedha za matumizi ya mchezo, zikiamuliwa kutolewa, zitolewe kwa vocha ya kiasi maalumu, ambayo ikiisha imeisha.

Udhaifu wa pili ni watu wasiojulikana. Alama haiwezi kuwapima binadamu wanaozungumza kupitia mchezo, na ndiyo maana maelezo husema tu kwamba watumiaji huwasiliana. Mchezo mpole wenye gumzo la sauti lililo wazi unaweza kumletea mtoto matusi na vishawishi ambavyo mchezo mkali unaochezwa peke yake hauna. Roblox ni mfano wa pekee, kwa kuwa si mchezo mmoja bali ni jukwaa lenye mamilioni ya michezo iliyotengenezwa na watumiaji, na hakuna alama moja inayoweza kuueleza mkusanyiko huo. Kwa mtoto mdogo, gumzo lifungwe kabisa; kwa mkubwa kidogo, liruhusiwe na marafiki wanaojulikana kwa sura na kwa majina ya nyumbani kwao.

Mazoea ya mchezaji mwenyewe

Mifumo yote iliyotajwa humfikiria mtu anayeshika pedi. Haimfikirii anayetazama. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina televisheni moja, iliyo sebuleni, na mchezo wa 18 unaochezwa hapo saa mbili usiku huchezwa mbele ya kila aliyepo, pamoja na mtoto wa miaka minne aliyejilaza kwenye kochi akisubiri usingizi. Kuvaa visikilizio huondoa sauti lakini hakuondoi picha. Mpenzi wa michezo anayewakataza wadogo zake kucheza God of War huku akiicheza mbele yao kila jioni hajatekeleza alama hiyo kwa namna yoyote, na pengine amewaongezea shauku.

Njia inayofaa ni kuigawa maktaba ya michezo kulingana na saa na watu waliopo. Michezo ya mpira, ya mbio za magari na ya mafumbo ichezwe nyumba ikiwa imejaa, tena kwa kupokezana pedi, jambo linalomfanya mchezaji kuwa mwenyeji badala ya mkaidi aliyeteka televisheni. Michezo ya 12 na 16 ichezwe wakubwa wakiwapo na wadogo wakiwa shule au wamelala. Michezo ya 18 iachiwe saa za usiku wa manane au chumba chenye mlango. Mgawanyo huu humnufaisha mchezaji mwenyewe pia, kwa kuwa simulizi nzito kama ya The Last of Us haifaidiwi na mtu anayekatizwa kila dakika tano aeleze ni kwa nini yule mtu analia.

Kuhusu muda wa kucheza, alama za umri hazisemi kitu, na mamlaka zilizojaribu kuusimamia kwa sheria zimetofautiana. Mwaka 2021 China iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya kucheza mtandaoni, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwaka huohuo Korea Kusini iliamua kuifuta sheria yake ya mwaka 2011 iliyowazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni baada ya saa sita usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja au chini asikae mbele ya skrini kabisa, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Shirika hilo pia limeutambua ugonjwa wa uchezaji katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida katika kipindi cha miezi 12. Saa nyingi peke yake si ugonjwa. Mchezaji anayetaka kujipima asihesabu saa alizocheza, bali ahesabu mambo aliyoyaacha: usingizi, kazi, sala, chakula cha pamoja, na ahadi kwa watu wanaomtegemea.

Kwa wenye vibanda vya gemu, ambako mtoto hulipia kwa dakika au kwa mechi na hakuna mzazi karibu, mwongozo ni mfupi. Mashine zenye michezo ya 16 na 18 zielekezwe ukutani na mbali na mlango, watoto waliovaa sare za shule wasipokewe saa za masomo, na orodha ya michezo iliyobandikwa ukutani iwe na alama ya umri mbele ya kila jina. Mwenye kibanda anayefanya hivyo hapotezi wateja wa mpira, ambao aghalabu ndio wengi.

Kuweka vizuizi na kuvilegeza

Mashine za kisasa za PlayStation, Xbox na Nintendo Switch, pamoja na simu za Android na za Apple, zina vidhibiti vya wazazi vinavyotumia alama za umri kufunga michezo iliyozidi daraja lililochaguliwa. Vidhibiti hivyo hushindwa kwa sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni kwamba mtoto hutumia akaunti ya mtu mzima, ambayo haifungwi na chochote. Kila mtoto anayecheza, hata mara moja kwa wiki, anapaswa kuwa na akaunti yake, na akaunti ya mtu mzima ifungwe kwa nambari ya siri. Ya pili ni tarehe ya kuzaliwa iliyodanganywa siku akaunti ilipofunguliwa, ili ipatikane haraka. Udanganyifu huo hufuta ulinzi wote kwa miaka mingi, kwa kuwa mashine huamini kwamba inamhudumia mtu wa miaka 30.

Itafika siku mtoto wa miaka 14 ataomba mchezo wa 16. Kukataa moja kwa moja na kukubali moja kwa moja yote mawili ni uvivu. Mchezaji mtu mzima acheze kwanza saa mbili au tatu za mwanzo, asome maelezo ya maudhui kwa ukamilifu, hasa muhtasari wa ESRB unaotaja matukio kwa mifano, kisha aangalie mipangilio ya mchezo wenyewe, kwa kuwa michezo kadhaa huruhusu kuzima damu au matusi. Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009, kwa mfano, humruhusu mchezaji kuruka sura ya mauaji ya raia katika uwanja wa ndege bila kupoteza chochote katika maendeleo yake. Baada ya hapo ndipo uamuzi utolewe, na utolewe pamoja na sababu: ukatili unaofanywa dhidi ya mtu asiyeweza kujitetea ni jambo moja, na mapigano ya ulingoni kati ya watu wawili waliokubaliana ni jambo jingine, hata kama nambari ni moja. Kijana aliyeelezwa tofauti hiyo ataweza kuitumia akiwa nyumbani kwa rafiki yake, ambako hakuna kidhibiti.

Vizuizi vilivyowekwa vipitiwe angalau mara moja kwa mwaka, ikiwezekana siku ya kuzaliwa ya mtoto, kwa kuwa kidhibiti kilichosahauliwa kwenye nambari 7 hadi mwenye akaunti anatimiza miaka 13 humfundisha njia za kukikwepa. Daraja jipya likifunguliwa, lifunguliwe mtoto akiwapo na akiona jinsi linavyofunguliwa, huku mipaka ya ununuzi na ya gumzo ikiachwa palepale ilipokuwa hadi itakapojadiliwa kwa siku yake.